Nani Anauliza? Historia Fupi ya Kujitambua katika Maandishi ya Pwani

Kila mwanachama wa chama chetu anayesoma hapa Ujerumani ameshaulizwa mara nyingi anatoka wapi. Jibu tumelizoea. Tunataja nchi, tunaongeza bahari, mlima au kisiwa, tunaeleza vyakula na harusi zetu, na muulizaji anaondoka ameridhika. Jibu hilo ni la kweli, lakini ukilirudia kwa miaka mitatu au minne unaanza kudhani kwamba ndilo lote ulilo nalo.

Siku hizi vitabu vya kujiendeleza vimejaa madukani, na karibu vyote vinasema kwamba mtu hawezi kukua bila kujitambua kwanza. Hatupingi. Ila katika makala haya tunakusudia kupitia mlango mwingine, mlango wa historia. Tutawatazama watu wanne wa pwani ya Afrika Mashariki waliokaa na kalamu wakaandika juu ya nafsi zao au juu ya watu wao. Wawili kati yao waliandikia hapahapa Ujerumani. Kwa kila mmoja tutauliza swali moja tu: nani alimuuliza? Tunaamini kwamba anayojua mtu juu ya nafsi yake hutegemea sana swali lililomfikia na mdomo lililotoka.

Moyo uliohojiwa Pate

Tuanze na yule ambaye hakuulizwa na mtu. Pate ni kisiwa katika visiwa vya Lamu, na katika karne ya 18 mji wake ulisifika kwa utajiri na kwa washairi. Kisha zikaja fitina za kugombea utawala na vita na majirani, na baada ya kushindwa katika vita vya Shela, mnamo mwaka 1813, nguvu za Pate hazikurudi tena.

Katika mazingira hayo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mmoja wa masharifu wa ukoo wa Sheikh Abubakar bin Salim, alitunga Al-Inkishafi. Wataalamu wengi huuweka utungo huo mwanzoni mwa karne ya 19. Jina lenyewe linatokana na Kiarabu, na maana yake ni kufunuka kwa kilichofichika. Tunaosoma fasihi tunaujua kwa picha zake za majumba yaliyokuwa na taa na vyombo vya kaure, na ambayo sasa yamebaki makao ya popo na wadudu. Lakini tukiusoma kwa swali letu, jambo linalotugusa zaidi ni yule anayesemeshwa. Mshairi hawahutubii watawala wa Pate wala hawalaumu maadui. Anausemesha moyo wake. Anauuliza kwa nini haujazinduka, anauonyesha magofu, anauuliza tena wako wapi waliokuwa wakikaa humo.

Hapa tunajifunza mambo mawili. La kwanza ni kwamba moyo haukubali kwa swali moja. Sayyid Abdalla anaurudia kama hakimu anavyomrudia shahidi asiyetaka kusema. Anayedhani atajitambua kwa kujaza dodoso la dakika kumi ajue kwamba wazee wetu waliliona jambo hili kuwa ni kesi ndefu. La pili ni kwamba mshairi hakujitenga na watu wake ili ajione. Alisimama mbele ya magofu ya mji wake mwenyewe, akataja waliotangulia, kisha ndipo akauliza maana ya hayo kwa roho yake. Utungo ni wa dini na lengo lake ni akhera, lakini namna yake ya kujihoji inamfaa hata asiyesoma kwa nia hiyo.

Mama aliyeandikia watoto wake

Wa pili ni Sayyida Salme, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, binti wa Sultani Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa angali mtoto na kuuzwa, kisha akawa suria katika nyumba ya Sultani. Wakati ule wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifunza kwa siri, akiiga herufi za msahafu juu ya mfupa bapa wa bega la ngamia.

Elimu hiyo ndiyo iliyomtia matatani. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15, alishirikishwa katika njama za kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Sultani Majid, na kwa kuwa alijua kuandika akafanywa karani wao. Njama zikashindwa. Miaka mingi baadaye aliyaandika hayo kwa majuto, bila kujificha nyuma ya udogo wake.

Mwaka 1866 alitoroka Unguja akiwa mjamzito. Mwaka uliofuata, mjini Aden, alibatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe alifariki katika ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake alikuwa bado anaihangaikia.

Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Katika dibaji anaeleza kwamba alianza kuziandika miaka tisa kabla, kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua mengi kuhusu asili yake. Basi swali lilitoka kwa watoto, hata kama hawakulitamka. Ndiyo maana kurasa za utoto wake Mtoni zina uhai hadi leo.

Lakini kitabu kilipokwenda kwa wasomaji wa Ulaya, muulizaji wa pili aliingia chumbani. Kuna kurasa ambazo Salme anaonekana akibishana na Mzungu anayewadharau watu wake. Anaona vizuri unafiki wa Ulaya. Hata hivyo, anapofika kwenye utumwa anautetea zaidi ya anavyouchunguza, yeye ambaye mama yake alinunuliwa kwa fedha. Wahenga walisema nyani haoni kundule. Tusimcheke, kwa sababu hapa kuna mtego tunaoujua. Ukitumia nguvu zako zote kuwatetea watu wako mbele ya wageni, hubaki na nguvu ya kuwauliza watu wako, au kujiuliza wewe, swali gumu.

Aliacha pia maandishi mengine, barua ndefu kwa rafiki wa nyumbani zinazosimulia upweke na taabu za maisha yake Ujerumani. Hazikuchapishwa uhai wake. Zilitoka kwa Kiingereza mwaka 1993, karibu miaka sabini baada ya kifo chake cha mwaka 1924. Aliyoyaandika kwa ajili ya soko yalisomwa mapema, na aliyomwambia rafiki yalikaa kimya muda wote huo. Amezikwa katika makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na mchanga wa Unguja aliokuwa ameuhifadhi.

Mwalimu aliyeulizwa juu ya wengine

Wa tatu ni mwalimu, na sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna deni kwake. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, karibu na Bagamoyo, akasoma na kufundisha Kurani, na mwaka 1900 akaja Berlin kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Chuo hicho kilifunguliwa mwaka 1887, na miongoni mwa wanafunzi wake walikuwa maofisa waliojiandaa kwenda kutawala makoloni. Kabla yake walishapita hapo walimu wengine kutoka pwani, akiwemo Amur bin Nasur.

Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika chuo hicho, alikusanya maandishi ya watu wa pwani, na mwaka 1903 kikatoka kitabu Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro. Anayetaka kujua mtoto wa Mrima alilelewaje, harusi ilikwendaje, ngoma zilichezwaje, wagonjwa walitibiwaje na maiti walizikwaje, hana hazina kubwa kuliko hiyo. Lakini tukitafuta humo Mtoro mwenyewe alikuwa mtu gani, alipenda nini na aliogopa nini, tunarudi karibu mikono mitupu. Swali alilopewa lilikuwa Waswahili hufanyaje. Halikuwa wewe, Mtoro, unaonaje.

Na mambo ya kuonwa yalikuwepo. Mwaka 1904 alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Bertha Hilske. Baadhi ya wanafunzi walimdharau mwalimu wao kwa sababu ya rangi yake. Alilalamika na kudai heshima ya kazi yake, na mwaka 1905 kazi hiyo ikakoma. Alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe, serikali ya kikoloni haikuruhusu ndoa hiyo ikanyage ardhi ya Dar es Salaam, na wote wawili wakarudi Ujerumani. Baadaye alifanya kazi na Carl Meinhof mjini Hamburg, akaendelea kutoa mihadhara juu ya Afrika Mashariki, na akafariki Berlin mwaka 1927.

Tunapoyaweka pamoja maisha haya na kitabu kile, tunaona kwamba mtu anaweza kuwa mjuzi mkubwa wa utamaduni wake na bado asipate nafasi ya kusema yeye ni nani. Kwa Mtoro kosa halikuwa lake. Alikuwa mwajiriwa, na nafasi hiyo alinyimwa. Sisi tunayo, na ndiyo sababu hatuna udhuru tukiishia kuwa maktaba ya desturi kwa ajili ya wengine.

Karani aliyejipa swali

Wa nne ni Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Kuanzia mwaka 1926 alikuwa karani wa forodha, na karibu maisha yake yote ya kazi aliyapitisha katika ofisi za serikali ya kikoloni. Wazazi wake walikuwa na asili ya Uyao, naye akajihesabu kuwa Mswahili, jambo linalotukumbusha kwamba asili na nafsi si kitu kimoja. Kuna asili unayopewa, na kuna namna unavyoamua kuibeba.

Katika Maisha Yangu, kilichotoka mwaka 1949, karani huyu aliyaona maisha yake ya ndoa, kazi na msiba kuwa jambo linalostahili kitabu, kwa Kiswahili na kwa wasomaji wa Kiswahili. Hakuwa sultani wala jemadari. Baadaye akaendelea kuhesabu katika Baada ya Miaka Hamsini. Tunalipenda jina hilo. Linasema kwamba kujitambua ni hesabu inayofungwa na kufunguliwa tena, kama daftari la duka, maana mtu wa miaka hamsini si yule wa miaka thelathini.

Shaaban Robert alitunga pia utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na wa Adili kwa ajili ya mwanawe. Hapo anaungana na Sayyida Salme, na kwa mbali zaidi na Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utenzi wa wosia mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Kumbe katika mapokeo yetu, anayejitazama ndani mara nyingi ana mtu nyuma yake anayemsubiri. Vitabu vya madukani vinasema jitambue ili ufanikiwe. Hawa wangesema jitambue, kwa sababu kuna atakayekurithi na atarithi hata usichokijua juu yako.

Swali letu sisi

Wazazi wetu hutuambia kwa simu kwamba mwacha asili ni mtumwa. Tunaitikia, na ni haki kuitikia. Lakini historia hii inatufundisha kusikiliza hata maneno ya methali hiyo. Pwani yetu ilikuwa na watumwa wengi ambao hawakuacha asili. Walinyang'anywa, kama Jilfidan. Kushika asili bila kuihoji ni nusu ya kazi. Sayyid Abdalla aliipenda Pate, na kwa sababu aliipenda aliingia kwenye magofu yake akiwa na maswali.

Hatupendekezi mtu aache kumjibu jirani anayemuuliza anatoka wapi. Ni adabu kujibu, na wengine hujenga urafiki kutokana na swali hilo. Tunachopendekeza ni kwamba mkutano mmoja wa chama katika muhula ujao tuutenge kwa kuandika. Kila mwanachama aandike ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, akijibu swali ambalo hakuna mtu hapa Ujerumani aliyewahi kumuuliza. Nani nimemfanya jemadari au mtumwa katika hadithi za ukoo wangu? Ni jambo gani la kwetu ninalolitetea mbele ya wageni huku moyoni siliamini? Ningemwandikia nani, kama Salme alivyomwandikia rafiki, yale nisiyoyasema darasani? Ukurasa huo hautasomwa hadharani wala kuchapishwa humu. Mwandishi atakwenda nao nyumbani, aufungue tena baada ya mwaka mmoja, na aone kama moyo wake umekubali kujibu.