Wastaafu wa kigeni wakati wa Korona: Nyumba iko ndani, mwenye nyumba yuko nje

Mei 16, 2020, Rais wa Kenya wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza kufunga mipaka ya nchi yake na Tanzania na Somalia. Watu hawavuki. Magari ya mizigo tu ndiyo yaliruhusiwa, tena dereva apimwe kwanza Korona.

Kwa sisi wa Nyamisangura, hapa Tarime mjini, hiyo haikuwa habari ya kimataifa. Ilikuwa habari ya nyumbani. Sirari ni jirani yetu, ukivuka tu uko Isebania, kaunti ya Migori. Wakurya wako pande zote mbili. Kuna mtu ana shamba huku na dada kule, na kabla ya hapo hakuwahi kukaa chini akajiuliza yeye ni "mkaazi" wa wapi.

Sasa kundi moja ambalo halikuzungumzwa sana kipindi kile ni wazee. Nazungumzia waliostaafu na kwenda kuishi nchi isiyo yao: Mwitaliano aliyehamia Malindi, Mwingereza aliyetulia Diani au Arusha, na hata mwalimu mstaafu wa Kenya aliyeamua kuishi kwa mwanawe Tarime. Hawa hawana mwajiri wa kuwaandikia barua wala kampuni ya kuwapigania. Wana pensheni, dawa za presha, na karatasi moja ndani ya pasipoti. Mipaka ilipofungwa, karatasi hiyo ndiyo iliyoamua nani anarudi kwake.

Viza siyo kibali

Hapa ndipo wengi walipokwama, kwa hiyo twende taratibu.

Viza ni ruhusa ya kuja kutembea. Ya kawaida ya Tanzania inampa mgeni hadi siku 90. Kenya mgeni anaweza kuongezewa muda, lakini jumla isizidi miezi 6. Kibali cha ukaazi ni kitu kingine kabisa, ni serikali kukubali kwamba wewe unaishi hapa.

Tanzania ina madaraja matatu ya vibali vya ukaazi. A ni kwa wawekezaji na wanaojiajiri, B ni kwa walioajiriwa, na C inabeba wengine kama wanafunzi, watafiti, wamisionari, watu wa kujitolea, na humo humo wamo wastaafu. Kenya wao wana kibali cha Daraja K. Sharti lake ni umri wa kuanzia miaka 35 na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, ambacho hakitokani na kufanya kazi Kenya. Yaani dola 2,000 kila mwezi. Kwa mstaafu wa kawaida wa Ulaya hiyo siyo hela ndogo kama tunavyodhani huku.

Ndiyo maana wengi huwa hawachukui kibali. Wanaingia kwa viza, wanakaa miezi kadhaa, baridi ya kwao ikiisha wanarudi, mwaka unaofuata wanakuja tena. Unakuta mzee amefanya hivyo miaka 15. Ana nyumba, ana mbwa, anajua Kiswahili cha sokoni, mafundi wote wa mtaa wanamwita babu. Kwenye kompyuta ya Uhamiaji yeye ni mtalii.

Machi 2020: saa 48

Machi 15, 2020, siku mbili baada ya Kenya kuthibitisha mgonjwa wake wa kwanza, Kenyatta alisimamisha safari za kuingia kutoka nchi yoyote yenye Korona. Walioruhusiwa kuingia walikuwa makundi mawili tu: raia wa Kenya na wageni wenye vibali halali vya ukaazi, kwa masharti ya kujitenga. Amri ilianza kufanya kazi ndani ya saa 48.

Soma tena hapo. Haikusema "wanaoishi Kenya". Ilisema wenye kibali. Mzee wa Daraja K aliyekuwa Milano kumuona mjukuu angeweza kupanda ndege. Jirani yake wa Malindi, nyumba zimepakana ukuta, mwenye viza tu, hakuweza.

Na hata mwenye kibali alipewa siku chache. Kuanzia Machi 25 ndege zote za abiria za kimataifa zikasitishwa, na waliowahi kuingia mwishoni walipelekwa karantini ya lazima kwa gharama zao wenyewe. Ndege za kimataifa zilirudi Agosti 1.

Malindi naitaja kwa sababu. Waitaliano wamekuwa pale tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo cha kurushia roketi baharini, kwenye ghuba ya Ungwana, kaskazini mwa mji. Walifuata wenye hoteli, wenye migahawa, halafu wazee. Huo ni mji ambao muuza samaki anaweza kukutajia bei kwa Kiitaliano. Na wengi wao wana nyumba za kukodi ardhi, kwa kuwa Katiba ya Kenya ya 2010 inamzuia mgeni kumiliki ardhi zaidi ya upangaji wa miaka 99. Lakini hati ya nyumba, iwe ya miaka 99 au mitano, haikumfungulia mtu geti la uwanja wa ndege.

Tanzania ilikuwa tofauti kidogo

Kwetu mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 16, 2020, Arusha. Wiki moja baadaye wasafiri kutoka nchi zilizoathirika wakaanza kuwekwa karantini siku 14 kwa gharama zao. Aprili 12 ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa. Halafu Mei 18, wakati majirani bado wamefunga, Tanzania ikafungua anga na kuondoa sharti la karantini.

Kwa hiyo mstaafu mwenye nyumba Arusha au Zanzibar alifungiwa nje kama wiki tano tu kwa upande wa sheria zetu. Kikwazo kilichobaki kilikuwa ndege ya kumleta.

Shida yake ilikuja baadaye, na ilitoka upande wa pili, kwao. Januari 2021 Uingereza ilizuia wasafiri wanaotoka Tanzania, na Aprili ikaiongeza Kenya kwenye orodha nyekundu. Raia wa Uingereza waliruhusiwa kurudi, ila kuanzia Februari 15, 2021 aliyetoka nchi za orodha hiyo alilazimika kukaa hoteli ya karantini siku 10. Bei? Pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja. Agosti ikapanda hadi pauni 2,285.

Wengine watasema Mzungu ana hela, atalipa. Sawa. Lakini mzee anayeishi kwa pensheni, anayetakiwa kurudi kwao kwa ajili ya kipimo cha moyo, halafu hajui kama akitoka ataruhusiwa kurudi, huyo hana tofauti na babu yako anayepiga hesabu ya nauli ya kwenda Bugando. Na baadhi ya mifuko ya pensheni ya Ulaya humtaka mstaafu anayeishi nje athibitishe kila baada ya muda kwamba bado yuko hai. Ukikosa kuthibitisha, malipo yanasimama.

Walifanya nini kwingine?

Thailand ndiyo mfano unaotajwa zaidi, kwa sababu ina wastaafu wengi wa kigeni na ina viza maalumu kwao: umri kuanzia miaka 50, na baht 800,000 benki au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Machi 26, 2020 ilitangaza hali ya dharura na kufunga mlango kwa wageni karibu wote. Waliokuwa ndani walisamehewa, muda wa viza zao ukasogezwa hadi Julai 31, kisha Septemba 26. Waliokuwa nje, hata wenye viza ya ustaafu ambayo haijaisha, wakakaa miezi wakisubiri. Kule pia kuna kitu kinaitwa kibali cha kurejea: ukitoka nchini bila kukichukua, muda wa kukaa ulioongezewa unakufa siku hiyo hiyo. Fikiria umetoka haraka kwa msiba.

Ghuba nako ilikuwa kali. Machi 19, 2020, Falme za Kiarabu zilisimamisha kuingia kwa wageni hata wenye ukaazi halali. Oman siku hizo hizo ikawazuia wote wasio raia wake. Kuna familia zetu za Zanzibar zenye mguu mmoja Muscat ambazo zinaielewa hadithi hii vizuri kuliko mimi ninayeiandika.

Kwa maoni yangu, amri ya Kenya ya Machi 15 ilikuwa afadhali kuliko hizi, kwa kuwa angalau ilimtambua mwenye kibali kama mtu wa pale. Ilichokosa ni nafasi kwa yule anayeishi pale kweli lakini karatasi zake ni za mtalii, ambaye angeweza kuonesha ankara ya umeme au mke.

Tuje Sirari sasa

Msomaji wa hapa anaweza kusema: sisi ni Afrika Mashariki, mambo ya vibali yanatuhusu nini? Yanatuhusu.

Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kazi Julai 1, 2010. Inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuingia bila viza, na pasi ya mgeni hadi miezi 6. Lakini kifungu cha 7 kinaziruhusu nchi kuweka mipaka kwenye haki hiyo kwa sababu za usalama au afya ya umma. Yaani kufunga mpaka kwa ajili ya ugonjwa kumo ndani ya itifaki yenyewe.

La pili ndilo linalonisumbua. Haki ya ukaazi kwenye itifaki hiyo imefungwa kwenye kazi. Anayeipata ni mfanyakazi au aliyejiajiri, pamoja na mwenza, watoto na wanaomtegemea. Mzee ambaye hafanyi kazi yoyote, anayeishi kwa pensheni yake ya Nairobi, hayumo kwa jina lake mwenyewe. Itabidi aingie kama mtegemezi wa mwanawe mwenye kibali, au aombe kibali kwa sheria ya nchi kama mgeni mwingine yeyote.

Chukulia yule mwalimu mstaafu wa Migori. Mwanawe kaoa Tarime, mzee kahamia kwake, kila baada ya miezi kadhaa anavuka Isebania kuchukua pensheni na dawa, anarudi anagongewa muhuri mpya. Miaka inapita hivyo. Mei 2020 angekuwa Isebania siku ile, hakuna karatasi ambayo ingesema nyumbani kwake ni Nyamisangura. Njia za panya zipo, kila mtu anazijua, lakini mzee wa miaka 70 mwenye kisukari siyo wa kumpitisha porini usiku, na akikamatwa anakuwa mhamiaji haramu kwenye mtaa anaosali.

Kilichobadilika, na kisichobadilika

Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 5, 2023 kuwa Korona si dharura ya dunia tena. Kenya imefuta viza tangu Januari 2024 na kuweka idhini ya kusafiri inayoombwa mtandaoni, ambayo raia wa Afrika Mashariki hawaihitaji. Wengi wameisikia habari hiyo wakadhani mambo ya ukaazi nayo yameisha. Hapana. Idhini ile ni ya kusafiri tu, haimfanyi mtu mkaazi, na Daraja K bado lipo kwa anayetaka kuishi.

Kama una mzee wa namna hii nyumbani, awe mkwe kutoka Kisii au babu wa Kizungu mliyejenga naye, chukua pasipoti yake leo uangalie muhuri wa mwisho. Kama ni wa mgeni, andika tarehe unapoisha mahali ambapo hata yeye ataiona. Halafu muulizie ofisi ya Uhamiaji kibali cha Daraja C, au utegemezi kama mwanawe ana kibali, kabla muda haujaisha. Nakala za pasipoti na kibali zikae pande zote mbili za mpaka. Dawa vilevile, za mwezi mzima kama hela inaruhusu, maana amri ya Machi 2020 ilitoa saa 48 na kutoka Nairobi hadi Sirari peke yake ni siku nzima ya basi.