Ubao wa theluji: Kutoka kichezeo cha watoto hadi Olimpiki

Tiira, mji wa wachimba dhahabu katika wilaya ya Busia nchini Uganda, haujui theluji. Hata Mlima Elgon, ulio kaskazini mwa Busia na Tororo na wenye urefu wa mita 4,321, hauna theluji ya kudumu. Hata hivyo, ni mzaliwa wa Uganda, Brolin Mawejje, aliyejitokeza kutaka kuiwakilisha nchi hiyo katika mchezo wa kuteleza kwa ubao juu ya theluji.

Mchezo huu ni mchanga. Siku ya Krismasi mwaka 1965, huko Muskegon katika jimbo la Michigan, Marekani, mhandisi Sherman Poppen aliunganisha skii mbili ili binti zake wateremke kilima wakiwa wamesimama. Mkewe alikiita kichezeo hicho Snurfer, na mwaka uliofuata kampuni ya Brunswick ikaanza kukitengeneza na kukiuza.

Katika miaka ya 1970, Jake Burton Carpenter huko Vermont na Tom Sims huko California waliboresha ubao huo. Vishikizo vya miguu vilimwezesha mchezaji kuuongoza badala ya kubebwa nao tu.

Pingamizi lilitoka kwa wenye miteremko. Vituo vingi vya skii viliwafungia milango vijana wa ubao, vikihofia ajali, gharama za bima na utovu wa nidhamu. Stratton, huko Vermont, ni miongoni mwa vituo vikubwa vya kwanza kuwaruhusu, mwaka 1983. Biashara ilipokua, vingine vilifuata, ingawa vichache vya Marekani, kikiwemo Alta cha Utah, vimeendelea kuwakataza.

Olimpiki ilifungua mlango mwaka 1998 mjini Nagano, Japani. Ross Rebagliati wa Kanada alitwaa dhahabu ya kwanza, lakini Terje Haakonsen wa Norway, nyota mkubwa wa wakati huo, aligoma kushiriki, akipinga mchezo huo kuwekwa chini ya shirikisho la skii.

Nagano ndiko pia Philip Boit wa Kenya, aliyezoea mbio za riadha, alikoshiriki skii za masafa. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway akamsubiri mwishoni kumkumbatia.

Mawejje alihamia Marekani akiwa bado mtoto, na huko ndiko alikojifunza ubao. Filamu ya Far From Home ya mwaka 2014 inasimulia safari yake. Alilenga michezo ya Pyeongchang ya mwaka 2018, lakini hakufuzu. Kenya iliwakilishwa huko na Sabrina Simader, mchezaji wa skii aliyelelewa Austria. Hadi michezo ya Beijing ya mwaka 2022, Uganda haikuwa imepeleka mchezaji yeyote katika Olimpiki ya majira ya baridi.

Njia ya Mwafrika Mashariki kuufikia mchezo huu, basi, imepitia ughaibuni. Theluji ya Rwenzori, iliyo ndani ya mipaka ya Uganda yenyewe, iko mbali na miji, na barafu yake inazidi kuyeyuka. Kichezeo cha Poppen kilihitaji skii mbili na kilima tu, lakini kilima hicho kilikuwa na theluji nyuma ya nyumba yake.