Tiba ya Mionzi kwa Saratani ya Mlango wa Kizazi na Dhamiri ya Mwamini

Saratani ya mlango wa kizazi karibu daima hutokana na maambukizi ya muda mrefu ya virusi vya papiloma. Ikigunduliwa mapema, huweza kuondolewa kwa upasuaji. Ikisha kuenea katika viungo vya jirani, tiba yake kuu ni mionzi, mara nyingi pamoja na tibakemikali. Nchini Tanzania tiba hii hutolewa, miongoni mwa mahali pengine, katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, inayomilikiwa na Maaskofu Katoliki.

Namna inavyotolewa

Kwanza mashine huelekeza mionzi kwenye nyonga kwa dakika chache, kwa kawaida siku 5 kwa juma, kwa takriban majuma 5. Kisha hufuata mionzi ya ndani: chanzo cha mionzi huingizwa kupitia uke hadi karibu na uvimbe, na baada ya muda huondolewa. Mama akirudi nyumbani hana mionzi mwilini. Anaweza kumkumbatia mwanawe bila hofu.

Madhara na swali la dhamiri

Mgonjwa huweza kuchoka, kuhara au kuona maumivu akikojoa. Zaidi ya hayo, mionzi huathiri ovari na mji wa mimba, hata aliye katika umri wa kuzaa hupoteza uwezo huo. Hapo wengine husita, wakidhani kwamba kuikubali tiba ni kutenda dhambi.

Mtakatifu Paulo VI, katika Waraka wa Humanae Vitae wa mwaka 1968, ibara ya 15, anafundisha kwamba tiba iliyo ya lazima kwa kuponya mwili ni halali, hata ikitazamiwa kuzuia uzazi, mradi kizuizi hicho hakikusudiwi chenyewe. Linalokusudiwa hapa ni kuondoa saratani. Aliye mjamzito, hali yake ni ya pekee. Azungumze mapema na daktari na paroko.

Wajibu wetu

Kuikatiza tiba hupunguza nafasi ya kupona. Kwa hiyo tunawasihi waume wasiwaone wake zao kuwa wamepungukiwa, kwani waliahidi kuwapenda katika ugonjwa kama katika afya. Nazo Jumuiya Ndogo Ndogo zisaidie nauli, malazi na malezi ya watoto. Mgonjwa naye aombe Mpako wa Wagonjwa tangu mwanzo wa tiba, asingoje saa ya kufa.