Mfuko wa unga: kutoka poso hadi soko la Kolwezi

Mfuko wa unga unaouzwa leo Kolwezi una rangi, una picha ya hindi, una jina la kinu na uzito wake, kilo 25. Gunia la poso la zamani halikuwa hivyo. Lilikuwa juti tupu, na wala halikuhitaji kupendeza.

Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilinunua unga kwa wingi, sehemu kubwa ukitoka Rhodesia kwa reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni ilipoanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto kwa mikataba ya miaka 3, poso ilihesabiwa kwa vichwa vya nyumba nzima. Aliyekula hakuchagua. Aliyechagua ni ofisi, na ofisi haibembelezwi kwa picha. Inauliza bei na kilo.

Wakati uleule, kule Brussels, mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1912 Jean Neuhaus alitengeneza chokoleti yenye kitu laini ndani, na mwaka 1915 mke wake, Louise Agostini, akabuni sanduku dogo la karatasi ngumu, ballotin, ili chokoleti zisipondane kama zilivyofanya ndani ya karatasi iliyokunjwa. Lilikuwa sanduku la kupeleka zawadi. Mnunuzi wa Brussels angeweza kuingia duka la jirani. Mke wa mfanyakazi wa mgodi hakuwa na duka la pili la kuchukulia poso.

Mwaka 1967 migodi ikawa ya serikali, baadaye ikaitwa Gécamines, na poso ikaendelea. Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Uzalishaji wa shaba, uliopita tani 450,000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 mwaka 1993. Mishahara ikakatika, poso nayo. Ndiyo miaka ileile familia za asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi, zikalala kwenye stesheni zikingoja treni. Waliozaliwa hapa waliondoka na walichoweza kufunga, na mfuko mtupu wa unga ukawa sanduku la safari.

Hapo ndipo mlaji akawa mnunuzi, ijapokuwa kwa shida. Unga wa Zambia ukapitia Kasumbalesa ukiwa na daraja lake juu ya mfuko: breakfast kwa ule mweupe laini, roller kwa ule mnene wenye pumba. Maneno hayo mawili yanafanya kazi kuliko picha yoyote. Asiyeweza kununua mfuko mzima ananunua kwa meka, na kwake jina la kinu halina maana: anauangalia unga wenyewe, anaunusa, anausugua kwa vidole.

Mfuko huo, ambao watu wanauita rafia ingawa ni plastiki iliyofumwa, haufi unga ukiisha. Tangu uchimbaji wa mikono ulipoenea mwishoni mwa miaka ya 1990, mifuko ya aina hiyo imebeba kobalti kutoka kwenye mashimo hadi kwa wanunuzi wa Musompo. Mtaa wa Kasulo ulichimbwa hadi chini ya nyumba, na mwaka 2017 familia nyingi zikahamishwa. Madini yao pia yalitoka kwa rafia.