Ushairi na Wauguzi wa Mpakani

Mpaka upitao Busia na Malaba haukuchorwa na wazee wa nchi ile. Hata kufikia mwaka 1902 magharibi ya Kenya ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Ndipo Waingereza wakaihamishia upande wa pili kwa amri moja, na Wateso na Wasamia wakajikuta wamegawanywa baina ya serikali mbili. Maradhi hayakuutambua mpaka huo, wala nyimbo hazikuutambua.

Katika miaka ya 1980 Ukimwi ulienea kando ya barabara kuu ya malori. Zama hizo dawa za kuupunguza nguvu hazikuwapo. Mwuguzi alikuwa na maji, shuka na maneno tu, na kila juma aliwafumba macho watu aliowazoea. Yamkini hakuna kazi ichoshayo moyo kuliko hiyo.

Mwaka 1987, huko Kampala, Bibi Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo katika hospitali ya Mulago, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, aliunda pamoja na wenzake chama cha TASO. Chama hicho kikafungua tawi Tororo, mji ulio mwendo mfupi tu kutoka Malaba. Wagonjwa wenyewe walifanya vikundi vya nyimbo, ngoma na michezo ya kuigiza, wakatunga beti juu ya yaliyowapata, wakaziimba hadharani. Mwaka 1989 mwimbaji Philly Lutaaya alirudi Uganda kutoka Uswidi, akatangaza mbele ya watu kuwa ana Ukimwi, akaimba upweke wake. Akafa Desemba mwaka huo huo.

Hebu fikiri, msomaji kijana, jambo hilo lilimfanya nini mshauri au mwuguzi aliyesikiliza. Mtu aliyemjua kwa kidonda na homa sasa alisimama na kusema kwa kinywa chake mwenyewe, tena kwa ufundi. Wapo wasemao kwamba kuhisi uchungu wa mgonjwa humchosha mwuguzi zaidi, na ya kuwa heri aufunge moyo. Sikubali. Moyo uliofungwa huchoka vilevile, ila huchoka peke yake. Beti zilizoimbwa kwa pamoja ziliugawa msiba baina ya wengi.

Linganisha na mwaka 2020. Korona ilipoingia, malori yalipanga safu ya kilomita nyingi Malaba na Busia, na madereva wakangoja majibu ya vipimo kwa siku kadhaa. Wahudumu waliovaa barakoa na mavazi ya kujikinga waliona pua na makoo, wasione nyuso. Dereva akawa tarakimu katika taarifa ya jioni. Na mwezi wa Mei Uganda ikawaondoa madereva wa kigeni katika hesabu yake, hata tarakimu ile ikafutwa. Dereva alikasirika kwa kuitwa mleta maradhi, mhudumu alikasirika kwa kutukanwa, na hapakuwa na mahali pa kuyasema hayo.

Lakini tusiupe ushairi sifa isiyo yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa kuishiwa nguvu huku hutokana na shinikizo la kazi la muda mrefu lisilotatuliwa. Ubeti haulipi mshahara wala hauongezi wauguzi wa zamu ya usiku. Wauguzi wa Kenya waliogoma karibu miezi 5 mwaka 1017+1000 hawakudai mashairi.

Hata hivyo, matabibu wenyewe wameutafuta. Agostinho Neto, rais wa kwanza wa Angola, alikuwa daktari na mshairi. Lenrie Peters wa Gambia alikuwa mpasuaji na mshairi.

Mpakani ipo shida nyingine, nayo ni lugha. Mwuguzi aliyetoka mbali akapangiwa Malaba husikia wagonjwa wakiimba kwa Kiteso asielewe neno. Akimwomba mmoja wao amfasirie, atakaa kitako kidogo kando ya kitanda, na mgonjwa, kwa mara ya kwanza tangu alazwe, ndiye atakayekuwa mwalimu.