Yule wa Utepe Ameenda Wapi?

"Anko, yule wa utepe ameenda wapi?"

Mpwa wangu ana miaka 9. Tulikuwa kwa matatu, jam ya Thika Road imetushika, na nilikuwa nimempa Switch yangu ili atulie. Ndani yake kuna Pac-Man Museum+, mkusanyiko uliotoka 2022 ukiwa na gemu 14 za Pac-Man. Alipitia orodha yote, akarudi juu, akapitia tena. Alikuwa anamtafuta Ms. Pac-Man, yule wa utepe mwekundu kichwani.

Anamjua kwa sababu kule kwa shosho bado kuna Game Boy Advance ambayo mjomba wangu alituletea kutoka Dubai tukiwa wadogo. Katriji yake ni Namco Museum ya 2001, na ina gemu tano tu: Galaga, Galaxian, Dig Dug, Pole Position na Ms. Pac-Man. Mtoto hakuelewa inawezekanaje kitu cha zamani chenye gemu tano kiwe naye, halafu kipya chenye gemu 14 kimkose.

Nilimjibu vile watu wazima hujibu wakikwama: "Labda walimsahau." Hawakumsahau. Na hiyo ndiyo hadithi nataka kukupa leo.

Tuanze Japani, 1980. Toru Iwatani, kijana wa miaka 25 aliyefanya kazi Namco, aliona kumbi za gemu zimejaa wanaume wakipiga risasi viumbe vya angani. Space Invaders ya Taito ilikuwa imetoka 1978 na kila kampuni iliiga. Iwatani alitaka gemu ambayo wasichana na wapenzi wangeingia kuicheza pamoja. Akachagua kula badala ya kuua. Duara la manjano linapita kwenye vichochoro likila vitone 240, huku vizuka vinne vikilifuata.

Uzuri wa vile vizuka ni kwamba kila kimoja kina akili yake. Chekundu kinakufuata moja kwa moja. Cha waridi hakikufuati ulipo, kinalenga mbele yako ili kikuzibie njia. Cha buluu kinapiga hesabu kwa kuangalia wewe na kile chekundu. Cha machungwa kinakufuata, kikikukaribia kinaingiwa na woga na kurudi kwenye kona yake. Ukicheza leo kwa kifaa cha mkononi, bado ni hesabu zilezile za 1980 zinazokukimbiza.

Lakini usisahau hizi zilikuwa mashine za biashara. Unatumbukiza sarafu, unacheza, unakufa, unatumbukiza nyingine. Mtu akikaa muda mrefu kwa sarafu moja, mwenye mashine anapata hasara. Sisi tuliokulia kwa vibanda vya gemu mtaani tunaijua hiyo presha: unacheza huku jicho moja liko kwa saa na mwingine amesimama nyuma yako akiuliza kama umemaliza.

Hasara hiyo ndiyo iliyomzaa Ms. Pac-Man. Huko Marekani, wanafunzi wa MIT, akiwemo Doug Macrae na Kevin Curran, walikuwa na mashine za gemu chuoni kama biashara ndogo. Wateja wakazoea Missile Command ya Atari, wakaacha kuweka pesa. Vijana hawa wakatengeneza kibodi cha saketi cha kuchomeka ndani ya mashine ili gemu iwe ngumu na mpya. Atari ikawashtaki 1981. Kesi ikaisha kwa makubaliano, na mojawapo ya masharti ilikuwa kwamba wasiuze tena vibodi kama hivyo bila ruhusa ya mtengenezaji wa gemu.

Kampuni yao, General Computer Corporation, tayari ilikuwa na kazi nyingine mezani: Pac-Man iliyobadilishwa, jina lake Crazy Otto, duara lenye miguu. Wakaipeleka kwa Midway, kampuni iliyokuwa na leseni ya Pac-Man Marekani. Midway ikaipenda. Otto akapoteza miguu, akapata utepe, na 1982 akaingia sokoni kwa jina la Ms. Pac-Man. Alikuwa na ramani nne badala ya moja, na vizuka vyake viliwekewa kubahatisha kidogo, hivyo huwezi kukariri njia moja ukashinda kila siku. Watu wengi, mimi nikiwa mmoja wao, tunamwona kuwa bora kuliko Pac-Man mwenyewe.

Kwa hivyo yule wa utepe hakuzaliwa Namco. Alibuniwa na vijana wa nje, akauzwa na mwenye leseni, halafu haki zake zikaenda kwa Namco, huku wabunifu wake wakibaki na haki ya kulipwa mrabaha. Kwa miaka mingi mpangilio huo haukumzuia kuonekana kwenye mikusanyiko, pamoja na ile katriji ya shosho. Kisha 2019 kampuni ya AtGames ikanunua haki za mrabaha huo kutoka kwa GCC, na mwaka huohuo Namco na AtGames wakafika mahakamani.

Angalia yaliyofuata. Pac-Land ni gemu ya 1984 ambayo ndani yake mke wa Pac-Man anaonekana. Ilipotolewa upya kwa Switch mwaka 2022, alikuwa amebadilishwa na kuchorwa mwingine anayeitwa Pac-Mom. Mwaka huohuo ukaja ule mkusanyiko wenye neno "Museum" kwenye jina lake, na Ms. Pac-Man hayumo kabisa.

Hapo ndipo swali la mpwa wangu linapouma. Neno hilo ni makumbusho, na makumbusho tunayaamini. Mtoto anayeanza na mkusanyiko wa 2022 ataamini amepewa historia yote, na hakuna ukuta mtupu unaomwambia kuna picha imetolewa hapa. Kitu kikikatwa vizuri, hata pengo halionekani.

Na si Pac-Man pekee. Mwaka 2023 Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni kihalali. Nyingi zimebaki hai kwa sababu ya watu kama Nicola Salmoria wa Italia, aliyeanzisha MAME mwaka 1997, programu inayoifanya kompyuta ya kawaida kuiga mashine za zamani. Sheria inaweza kuwatazama hao kwa jicho kali, lakini wao ndio waliokuwa wakihifadhi wakati wenye mali wakihesabu.

Sasa geuza macho huku kwetu. Vibanda vyetu vya gemu vilikuwa na michoro ya rangi ukutani, sheria za kienyeji, majina ya utani, mabingwa waliojulikana stage nzima. Nani ameviandika? Sisi hatukuhitaji mkataba wala mahakama ili tufutwe. Tulinyamaza tu, na kibanda kikageuka M-Pesa.

Jumapili iliyofuata tulienda kwa shosho. Mpwa wangu akatafuta betri mbili, akaingiza katriji, akapuliza kwanza vile sisi tulikuwa tunapuliza, ingawa hakuna aliyemfundisha. Yule wa utepe akatokea, akaanza kula. Nikakaa kando yake nikamweleza yote: Otto na miguu yake, wanafunzi, kesi, mrabaha. Alisikiliza bila kuinua macho kwenye skrini.

"Kwa hivyo hakusahaulika," akasema. "Alitolewa."

Nikamwambia ndiyo. Akaniambia nisiwahi kuuza hiyo katriji.