Dawa ya Injini Inayogonga



Mjomba wangu wa Mombasa alikuwa na Peugeot 404 ambayo, miaka ya 1980, kila ikipanda mlima wa Mazeras ilianza kulia kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mjomba hakushtuka. Aliinua mguu kidogo, na mlio ukikoma alisema, "Hii si beringi, hii ni petroli." Beringi iliyolika hugonga kwa sauti nzito, wala haiponi kwa kubadili mafuta.

Tukifika nyumbani alilegeza distribyuta na kuizungusha kidogo ili cheche ichelewe. Ikishindikana, alifungua injini akakwangua masizi. Akiwa na fedha alijaza supa.

Kinachogonga si chuma kwa chuma. Plagi ikishatoa cheche, moto unapaswa kuenea taratibu ndani ya silinda. Petroli dhaifu haivumilii joto na mgandamizo: sehemu ambayo moto haujaifikia hulipuka yenyewe, na kishindo hicho huipiga pistoni. Ikiachwa hivyo, pistoni hutoboka.

Ugonjwa huu ulimsumbua sana Charles Kettering, Mmarekani wa Dayton, Ohio, aliyetutengenezea stata ya umeme. Mwaka 1916 alimpa kazi kijana Thomas Midgley atafute dawa. Midgley alidhani petroli ikitiwa rangi nyekundu ingenyonya joto mapema. Rangi hakuwa nayo karibu, akatia aidini. Mgongo wa injini ukapungua! Baadaye akajaribu rangi nyekundu hasa, isisaidie kitu. Dhana ilikuwa ya uongo, lakini ilimfungulia mlango wa kweli. Tarehe 9 Desemba 1921, baada ya kujaribu vitu vingi, akapata kiasi kidogo mno cha mchanganyiko wa madini ya risasi kilichonyamazisha injini kabisa.

Ubaya wa risasi ulijulikana tangu zamani. Na dawa nyingine ilikuwepo: pombe kali ya nafaka au miwa ikichanganywa na petroli huzuia kugonga, na Midgley mwenyewe aliijua. Lakini pombe mkulima yeyote aweza kuigema. Risasi ilikuwa na mwenyewe. Mwaka 1924 General Motors na Standard Oil ya New Jersey waliunda kampuni ya kuiuza, wakaiita Ethyl. Neno risasi halikutajwa.

Oktoba mwaka huo huo, wafanyakazi watano wa kiwanda cha Bayway, New Jersey, walikufa baada ya kurukwa na akili. Midgley akawaita waandishi wa habari, akanawa mikono kwa dawa ile mbele yao na kuinusa. Hakuwaambia kwamba mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikwenda Florida kujiuguza sumu hiyo hiyo.

Mjomba alinawa petroli iliyotiwa dawa hiyo kila jioni, kuondoa grisi, bila waandishi wowote. Aliivuta kwa mpira, kwa mdomo, akatema chini. Sisi watoto tulimshikia taa. Risasi huwadhuru zaidi watoto, kwani huharibu ubongo unaokua, na moshi wake ulitua barabarani, mbele ya nyumba na shule.

Wamarekani walianza kuipunguza miaka ya 1970, wala si kwa ajili ya afya peke yake: iliharibu vifaa vya kusafishia moshi katika magari mapya. Hapa Uingereza ilikoma kuuzwa kwa watu wote mwisho wa 1999. Kwetu, wajumbe wa nchi za Afrika kusini ya Sahara walikutana Dakar Juni 2001 wakaazimia kuiondoa, na kufikia Januari 2006 ilikuwa imekwisha. Kazi ile ilisimamiwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Nairobi. Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliacha kuiuza kwa magari Julai 2021.

Injini nazo hazikufa. Gari ninaloendesha hapa lina kifaa kidogo kilichofungwa kwenye bloku ya injini; kikisikia mtikisiko wa kugonga, kompyuta huichelewesha cheche papo hapo. Ndiyo kazi aliyoifanya mjomba kwa sikio lake na spana namba kumi.